Nikimpelekea Wekesa Gari Lake

Tangu nirudi, kila anayeingia ofisi ya walimu ananiuliza swali lile lile: lile gari la manjano liko wapi? Wengine mmesikia kwamba nililigonga. Wengine mnasema nililiuza nikanunua vifaranga. Naandika mara moja ili nisilazimike kusimulia upya kila wakati wa chai, na pia kwa sababu kwa mdomo nimekuwa nikiruka sehemu fulani.

Kwanza mjue kwamba gari halikuwa langu. Mlidhani ni langu, nami sikuwasahihisha. Ni la Wekesa, kaka yangu mkubwa, ambaye huchomelea vyuma Uarabuni. Alilinunua kwa mkulima mmoja mzee wa hapa Kitale aliyekuwa akifunga shamba lake. Ni gari la michezo la miaka ya sabini, milango miwili, pua ndefu, na mlio ambao Wekesa aliusikia mara ya kwanza akiwa mtoto kando ya barabara na hakuusahau. Alipoondoka miaka mitano iliyopita aliniachia ufunguo na maagizo machache. La kwanza lilikuwa oili: iwe ile nzito ya injini za zamani, ibadilishwe kila baada ya miezi sita, hata kama gari limekaa tu. Pesa za kazi hiyo alinitumia kila mara bila kukumbushwa.

Mwaka wa kwanza nilifanya kila kitu. Oili yenyewe haikupatikana hapa kila wakati, ilibidi iagizwe Eldoret, na kila ikija bei imepanda. Mwaka wa pili kuku wangu waliugua, wakafa karibu wote. Zile pesa za Wekesa zilipoingia, nikanunua mabati ya banda jipya, na kwenye gari nikatia oili ya kupima, ile inayotolewa kwenye pipa isiyo na jina wala rangi ya kuaminika. Gari likawaka kama kawaida. Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu lilipowaka kama kawaida nikaona hakuna ubaya. Baada ya hapo kuna vipindi ambavyo hata ya kupima sikutia.

Wekesa alipopiga simu kusema yuko nyumbani kwa mama, karibu na Kanduyi, na kwamba nimpelekee gari Jumamosi, nilikumbuka oili. Nikakimbia kwa Fundi Juma, kijana mwenye gereji safi kule nyuma ya soko. Nilimwambia anitilie oili bora kuliko zote. Akanionyesha moja ya bei kali sana, ya magari mapya, nyepesi, rangi ya asali. Sikuuliza swali. Nilidhani bei ndiyo dawa, kwamba nikilipa sana mara moja nitakuwa nimelipia miaka yote. Siku ya tatu nilikuta doa jeusi chini ya gari, pana kama sahani.

Kitale hadi Kiminini

Niliondoka saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimeliosha gari mara mbili, nikapaka viti mafuta, nikatia chupa ya maji na mkate kwenye kiti cha abiria. Kwa nje lilipendeza hata nikaona aibu.

Kwenye dashibodi kuna saa ndogo yenye sindano inayoonyesha presha ya oili. Miaka mitano sikuwa nimeiangalia kwa makini. Asubuhi hiyo niliiangalia kuliko barabara. Tulipotoka mjini ilisimama katikati, pazuri. Injini ilipopata moto ikaanza kushuka, polepole, jinsi mtu anavyosinzia kanisani. Nikipunguza mwendo inashuka, nikikanyaga inapanda kidogo. Nilianza kuogopa matuta, kwa sababu kila tuta lilinilazimisha kupunguza.

Kiminini nilisimama kwenye kituo cha petroli nikapima. Kijiti cha kupimia kilionyesha kwamba karibu robo ya oili haipo. Mhudumu, mtu mzima mwenye miwani, alilizunguka gari huku akitabasamu, akaniuliza mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Alicheka akidhani namtania, akainama kuangalia nyuma kama mume wangu amejificha kule. Mwishowe akaniuzia oili aliyokuwa nayo, nyepesi kama ile ya kwanza. Niliimimina nikijua moyoni kwamba namimina maji kwenye kikapu.

Kiminini hadi Kamukuywa

Sehemu hii ni fupi lakini sijawahi kuona kilomita ndefu namna ile. Nilizima redio ili nisikilize. Chini ya mlio wa kawaida ulianza mlio mwingine, tik tik tik, kama mtu anagonga kijiko kwenye bilauri mbali. Nikapunguza, ukapungua. Nikaongeza, ukarudi. Nilijaribu kujiambia ni kokoto kwenye tairi.

Nikikaribia daraja la Kamukuywa sindano iligusa chini kabisa, na taa nyekundu ikawaka. Nilizima injini, gari likateleza kimya hadi kando ya soko, likasimama mbele ya meza ya mama mmoja anayeuza nyanya. Mikono yangu ilikuwa imeshika usukani kwa nguvu hivi kwamba ilibidi niifungue kidole kwa kidole.

Huyo mama ndiye aliyeniokoa siku hiyo. Anaitwa Mama Nanjala. Hakuuliza mwenye gari yuko wapi. Alinipa kigoda, akaniuliza kama nimekula, kisha akauliza tatizo. Nilipomweleza kwamba nahitaji oili nzito ya injini kuukuu, alisema maduka ya hapo yataniuzia chochote na kukiita jina lolote nitakalo. Lakini shemeji yake, Mzee Khaemba, ana kinu cha kusaga mahindi huko Tongaren na pikapu ya zamani kuliko gari hili, na huwa anaweka oili ya kweli.

Akampigia simu papo hapo. Kwa kuwa mtandao ulikuwa unakatika, alipaza sauti: kuna mwalimu anakuja, anataka mafuta mazito, mtengenezeeni. Kisha akaniita pikipiki, akasema gari ataliangalia yeye.

"Na ni ya nani hii gari?" aliniuliza nikipanda.

"Ni yangu," nikasema.

Sijui kwa nini. Hakuna aliyekuwa ananilazimisha.

Kamukuywa hadi Tongaren, kwa pikipiki

Njiani niligeuka nyuma mpaka shingo ikauma, ingawa baada ya kona ya kwanza hakukuwa na cha kuona. Niliwaza watoto wakipanda juu ya boneti. Niliwaza mtu anavunja kioo. Niliwaza Wekesa ameketi kwa mama akiangalia lango. Mahindi yalikuwa yamesimama marefu pande zote mbili, hivyo nikawa naona vumbi na mgongo wa mwendeshaji tu.

Mzee Khaemba alinipokea mlangoni pa kinu, nyusi zake nyeupe kwa unga. Kabla sijasema lolote, mke wake alitoka ndani na mtungi wa lita tano, akauweka mbele yangu kwa heshima. Nilipofungua kifuniko nikanusa. Yalikuwa mafuta ya alizeti, waliyokamua wenyewe. Aliposikia mwalimu anataka mafuta mazito, alidhani ni mazito ya kupikia, yasiyochujwa, ambayo watu wa mjini siku hizi wanayatafuta kwa ajili ya afya.

Nilieleza ni ya injini. Mke wa mzee alishika mdomo, mzee akacheka hadi akakaa juu ya gunia. Mimi nilijaribu kucheka nao lakini sauti iliyotoka haikuwa ya kicheko, na nadhani mzee aliisikia, kwa sababu aliacha kucheka akaniuliza vizuri: gari ni la mwaka gani, nilitia oili gani, na kabla ya hiyo nilitia gani.

Nilimjibu nusu ya ukweli. Nusu hiyo ilimtosha.

"Injini ya zamani vyuma vyake vimeachana kidogo," alisema. "Inataka oili nzito ijaze hapo katikati. Hii yako ya bei inapita tu, haishiki. Tena hizi mpya ni kama sabuni. Uchafu wa zamani ulikuwa umeziba mahali, sasa umeusafisha, ndiyo maana inavuja."

Nikamuuliza kama oili yake itaponya injini.

"Haitaponya. Itakufikisha. Mwaga yote ya sasa, weka hii, usikimbie. Na ukifika, fungua injini uangalie. Lakini gari ni yako, wewe unaijua kuliko mimi."

Alinitolea galoni iliyofungwa, na alikataa kuongeza hata shilingi juu ya bei aliyonunulia. Nilitaka kuondoka dakika hiyo. Ndipo nilipomwona mke wake anapita uani akiwa ameshika kuku miguu. Mnajua mambo ya kwetu. Mgeni hawezi kuja mara ya kwanza, tena mwalimu, tena baada ya mkanganyo wa alizeti, akaenda na tumbo tupu. Nilisema gari langu liko barabarani. Nilisema kaka yangu ananingoja. Mke wa mzee alijibu kwa upole kwamba maji yamekwisha kuchemka.

Nilikaa saa moja na nusu. Mwendeshaji wa pikipiki aliingia kula bila kubembelezwa. Ugali ulikuwa wa mahindi yaliyosagwa asubuhi ile, mlaini, na kuku alipikwa kwa yale mafuta ya alizeti. Ningependa kuwaambia ladha yake lakini nilimeza tu. Simu yangu ililia mara mbili juu ya meza. Ni Wekesa. Sikuipokea. Mzee Khaemba aliiangalia simu, akaniangalia mimi, akaniongezea mboga.

Kamukuywa tena

Gari lilikuwa salama. Mama Nanjala alikuwa amehamisha meza yake nzima ili aweze kuliona vizuri, na kumbe biashara ilikuwa imemwendea vyema kwa sababu kila aliyekuja kulitazama alinunua nyanya.

Tulimpata fundi wa pikipiki akalala chini akafungua bolti. Oili ilimwagika kwenye beseni la Mama Nanjala, ile rangi ya asali ya juma lililopita sasa nyeusi tititi. Fundi alipoligeuza beseni juani, niliona kitu kinametameta ndani, vipande vidogo kama vumbi la dhahabu. Nilijiambia ni jua. Nikamwambia amwage upesi, nikamlipa mama beseni lake.

Oili mpya niliimimina mwenyewe. Ilikuwa inashuka polepole mno, na simu ikalia tena, na wakati huu nikapokea. Wekesa aliuliza kama niko salama. Nikasema niko njiani, barabara mbaya. Akasema, "Taratibu, usiiharakishe hiyo gari." Nikafunga boneti, nikamuaga Mama Nanjala, nikaondoka.

Kamukuywa hadi Chwele

Sindano ilisimama katikati na ikakaa pale. Tulipita Kimilili ikiwa bado pale. Ule mlio wa kijiko ulikuwapo lakini kwa mbali sana. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilivunja kipande cha mkate.

Baada ya Chwele nikaona kwenye kioo pikapu nyeupe imejaa vitunguu, inakuja kwa kasi, inapiga honi na kuwasha taa. Nikasogea ipite. Haikupita. Ilibaki nyuma yangu, honi haiachi, na dereva ametoa mkono nje anaupungapunga. Barabara ilikuwa tupu pale. Nilifikiri mambo mabaya yote ambayo mwanamke peke yake katika gari la kuvutia macho anaweza kuyafikiri. Nikakanyaga. Mzee Khaemba alisema nisikimbie, lakini nikakimbia, na pikapu ikakimbia nyuma yangu, vitunguu vikidondoka.

Mwishowe ilinipita na kunizibia mbele. Akashuka mwanamume mfupi amevaa viatu vya gambuti. Nilifunga milango. Alikuja dirishani akaongea nje ya kioo, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Mama, gari yako inatoa moshi. Toka Chwele nakuambia, wewe unatoroka tu."

Nilipogeuka niliona moshi wa buluu umetanda nyuma kwa urefu wa uwanja wa mpira. Alifungua boneti. Injini nzima ilikuwa imeoga oili, inaungua juu ya ekzosi ya moto. Kifuniko cha kutilia oili hakikuwepo. Nilikuwa nimemimina, nikapokea simu, nikafunga boneti bila kukirudisha.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Yeye, ambaye alisema anatoka Cheptais kupeleka vitunguu Bungoma, alitafuta kwa dakika kadhaa na kukikuta kifuniko kimekwama kando ya betri. Alifuta, akakifunga, akamimina oili iliyobaki kwenye galoni. Ilifika karibu na alama ya juu ya kijiti. Nilimwomba msamaha kwa kumkimbia. Alisema hata mke wake angekimbia. Kisha akanifuata nyuma taratibu hadi Kanduyi, na tulipofika njia panda akapiga honi moja, akaenda zake. Sikumuuliza jina.

Kanduyi

Wekesa alikuwa amesimama langoni. Amenenepa kidogo, ana mvi ambazo hakuondoka nazo. Alinikumbatia, kisha akaenda kwa gari, akapitisha kiganja juu ya boneti kuanzia taa hadi kioo. Majirani walikuwa wamekuja. Mama alitoka na kitambaa chake cha kanisani kichwani ingawa ilikuwa Jumamosi, kwa sababu alitaka kupigwa picha.

Wekesa aliwageukia majirani akasema, "Mmeona? Miaka mitano. Dada yangu ameitunza."

Walipiga makofi. Mimi nilisimama pale nikipigiwa makofi, nguo zangu zinanuka oili.

Mama alisimulia jioni nzima jinsi ambavyo kesho atafika kanisani. Hajawahi kukaa ndani ya gari hilo. Wekesa alikuwa ameshamwahidi atamzungusha kwanza hadi uwanja wa michezo na kurudi, ili watu wote wa Kanduyi wamwone, kisha ampeleke ibadani. Kila nilipofungua mdomo, mmoja wao alikuwa anacheka. Nikaufunga.

Asubuhi mama alikuwa tayari kabla ya chai, ameketi kiti cha mbele, mkoba magotini. Wekesa alivaa suti. Aliingia, akaweka ufunguo, na nikaona mkono wake unaanza kuugeuza.

"Usiwashe," nikasema.

Aliuacha ufunguo hapo hapo, akateremsha kioo.

"Usiwashe, Wekesa. Sikuitunza."

Nilimwambia yote, nimesimama kando ya dirisha, na mama anasikia. Oili ya pipa. Mabati. Vipindi ambavyo sikutia chochote. Oili ya bei kali ya dakika za mwisho. Taa nyekundu, moshi, na vile vitu vilivyometameta kwenye beseni ambavyo nilijiambia ni jua. Nilimwambia hata kwamba nimekuwa nikisema gari ni langu.

"Mara ngapi ulibadilisha?" aliuliza.

"Ile ya kweli, mara mbili tu. Mwaka wa kwanza."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitoa ufunguo, akashuka, akaenda upande wa pili kumfungulia mama mlango. Mama alishuka, akanyoosha nguo, akasema atatembea, si mbali. Hakunitazama alipopita.

Wekesa alivua koti la suti, akalitundika kwenye mlango, akaniambia, "Leta karai, Mama Sifa." Kaka yangu huniita Nasimiyu. Mama Sifa ni jina ambalo wageni huniita.

Tulimwaga ile oili ya Mzee Khaemba. Wekesa aliisugua kati ya vidole viwili, akavipeleka kwenye mwanga, na safari hii sikuwa na jua la kulisingizia. Vidole vyake viling'aa.

"Hii ni chuma, imetoka kwenye beringi," alisema. Alivifuta vidole, akaongeza, "Ungeniambia kuku wamekufa, si ningekutumia ya kuku? Na gari ningesema liwekwe tu juu ya mawe mpaka nirudi."

Niliogopa kuonekana nimeshindwa, basi. Hakuna kingine.

Siku tatu tulikuwa tunaongea mambo ya lazima tu: chumvi, maji, nani atafunga lango. Siku ya nne lilikuja gari la kuvuta, likalivuta gari lake hadi kwa fundi mmoja mzee mjini Bungoma aliyezoea injini za aina ile. Wekesa aliniambia nipande twende wote. Fundi alisema kazi itachukua miezi, injini itashushwa yote, na kwamba kila hatua atahitaji mtu wa kumpigia simu aamue: beringi zipi, oili ipi, kipi kinunuliwe kipya na kipi kisubiri.

Nilirudi nyuma hatua mbili ili wazungumze. Wekesa alikuwa anarudi Uarabuni Ijumaa.

"Andika namba ya huyu," alimwambia fundi, akinionyesha. "Ni dada yangu, Nasimiyu. Oili itakayotiwa ataamua yeye."

Fundi alinitazama akingoja niseme namba. Nilimtajia, kisha nikamwomba anisomee ili nihakikishe ameiandika sawa.